Reli ya mjini itapita mita 14 nyuma ya nyumba yetu. Je, itapasuka?

"Mhandisi, habari za kazi. Tuna nyumba ya ghorofa moja Tabata, Dar es Salaam, aliyoijenga marehemu baba kidogo kidogo kuanzia mwaka 1994. Mama, mwenye miaka 71, anakaa chini, na juu kuna wapangaji. Mwezi uliopita walikuja wapimaji, wakasimika vigingi nyuma ya uwanja na kutuambia kwamba njia inayopendekezwa kwa treni za mjini itapita hapo, mita 14 hivi kutoka ukuta wa jikoni. Nyumba haikuwekwa alama ya X. Tangu siku hiyo mama halali. Jirani anasema mtetemo utazipasua nyumba zote ndani ya miaka miwili. Fundi wetu anashauri tuchimbe mtaro kando ya ukuta na kuujaza mchanga ili umeze mtetemo, kisha tupandishe fensi na kupanda miashoki kwa ajili ya kelele. Mdogo wangu ametuma video ya China, treni inapita katikati ya ghorofa wanamoishi watu na hakuna kinachotikisika. Anasema tunaogopa bure. Tayari chumba kimoja cha juu kina ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha. Je, tuuze sasa kabla bei haijaanguka? Tutalala kweli? Na nyumba ikiharibika, nani atatulipa?"

Mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie kwamba ana haki ya kuwa na wasiwasi, ila jirani amemtisha kwa kitu kisicho chenyewe.

Treni za abiria zinazopita mita 14 kutoka kwenye nyumba ya tofali za saruji yenye msingi mzima, juu ya reli mpya iliyotandikwa sawasawa, hazipasui nyumba. Zinaweza kuwakera, na zinaweza kufanya vikombe vilie kabatini. Kutoka hapo hadi ukuta kupasuka kuna safari ndefu. Ninachoihofia nyumba yenu ni mashine za ujenzi, ambazo zitafika muda mrefu kabla ya treni ya kwanza, na maji ya mvua yatakayokosa njia. Zaidi ya hayo, nahofia kwamba leo hamna hata karatasi moja inayoonyesha nyumba ilivyokuwa kabla ya yote hayo kuanza.

Kwanza hizo mita 14. Zimepimwa kutoka wapi hadi wapi? Hifadhi ya reli mijini hapa Tanzania ni mita 15 kila upande, na zinahesabiwa kutoka katikati ya njia. Kama mita 14 zenu zinaanzia kwenye katikati hiyo, basi ukuta wa jikoni uko ndani ya hifadhi, na X inaweza kuja hata kama mwezi uliopita haikuja. Kama zinaanzia kwenye reli iliyo karibu nanyi, na njia ni ya reli mbili za kwenda na kurudi, basi katikati iko karibu mita 3 mbele zaidi, na ukuta unabaki nje ya mpaka kwa umbali usiofika mita 2. Tena njia inayopendekezwa bado inaweza kusogezwa kidogo na wasanifu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza lolote kuhusu mtetemo, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, ombeni kuonyeshwa mchoro wa njia na mpaka wa hifadhi, na kama hauko hapo, muulize nani anao. Piga picha ya kila kigingi kilichosimikwa, na namba yake kama ina namba. Hata nyumba ikipona, uwanja wa nyuma huenda ukachukuliwa, na swali langu linalofuata ni shimo la choo liko wapi. Nitalirudia.

Sasa mtetemo wenyewe. Gurudumu la treni ni chuma na reli ni chuma, na hakuna hata kimoja kilicho laini kabisa. Kila kipele kidogo kwenye uso wa reli, kila sehemu ya gurudumu iliyolika, huisukuma reli chini mara nyingi kwa sekunde. Msukumo huo unashuka kwenye mataruma, yaani boriti fupi zinazolala chini ya reli, unaingia kwenye kokoto, kisha ardhini, na ardhi inausafirisha hadi kwenye msingi wenu. Ukifika hapo unapanda na kuta. Slabu ya ghorofani, kwa kuwa katikati haina kinachoishikilia kutoka chini, hutetemeka zaidi kuliko sakafu ya chini. Wapangaji wa juu ndio watakaoanza kulalamika, hata kama mama hajasikia kitu.

Sisi tunaupima mtetemo kwa kasi ya kutikisika kwa ardhi, milimita kwa sekunde. Mtu aliyetulia nyumbani huanza kuusikia ukifika kama milimita 0.3 kwa sekunde, na wengine wanausikia hata chini ya hapo. Kiwango cha Ujerumani cha DIN 4150, kinachotumiwa sana hata nje ya nchi hiyo, kinasema nyumba ya kawaida ya kuishi haitarajiwi kupata madhara mtetemo kwenye msingi ukiwa chini ya milimita 5 kwa sekunde; kwa majengo dhaifu ya kale ni milimita 3. Angalia pengo lililopo hapo. Mwili wa binadamu unahisi mtetemo ambao ni mdogo zaidi ya mara kumi kuliko ule unaoanza kuudhuru ukuta. Ndiyo maana katika kila jiji lenye reli watu husema kwa dhati kabisa "nyumba inatikisika, itaanguka", na hawasemi uongo. Wanachohisi ni cha kweli, ila si dalili ya kupasuka. Treni ya abiria kwa umbali wenu, kwa mwendo wa mjini, kwa kawaida hubaki chini sana ya milimita 1 kwa sekunde.

Ukiwahi kuona kifaa chenyewe kikifanya kazi utaelewa haraka. Ni kiboksi kizito kinachokaa kiganjani, kinabandikwa kwenye msingi au sakafuni, na waya wake unakwenda kwenye kompyuta. Treni ikipita, mstari kwenye skrini unavimba taratibu kwa sekunde chache, kisha unatulia. Halafu mtu uani anaanza kutwanga kisamvu kwenye kinu, au upepo unabamiza geti la chuma, na mstari unaruka kuliko treni ilivyoufanya. Nyumba zetu zinaishi na mitikisiko hiyo kila siku na hakuna anayeihesabu.

Hata hivyo si kila reli ni sawa, na hapa ndipo ninyi kama wakazi mna la kusema. Watu wa Buguruni na Tabata mnaijua reli ya zamani na treni ya Mwakyembe iliyoanza Oktoba 2012: ile sauti ya kugonga kwa mpigo inatoka kwenye maungio, pale vipande vya reli vinapokutana na kuacha mwanya. Reli za kisasa huchomelewa zikawa kipande kimoja kirefu, na mgongano huo unatoweka. Lakini hata kwenye reli mpya kuna mahali ambapo mwanya haukwepeki, nako ni pale treni inapohama kutoka njia moja kwenda nyingine. Gurudumu linaruka pengo, linadunda, na mtetemo unapanda mara tatu hivi. Ombi moja la maana kuliko mengi mnayoweza kutoa ni hili: mahali pa kubadilishia njia pasiwekwe nyuma ya nyumba za watu. Kwenye karatasi ni kusogeza alama mita mia moja. Baada ya ujenzi haiwezekani tena bila gharama kubwa.

Video ya mdogo wako naifahamu. Ni stesheni ya Liziba katika jiji la Chongqing, na ni ya kweli. Lakini treni ile haipiti juu ya reli mbili za chuma. Inapanda juu ya boriti moja ya zege kwa magurudumu ya mpira. Zaidi ya hapo, jengo na stesheni vilisanifiwa na kujengwa pamoja, na nguzo zinazobeba treni zimetenganishwa na nguzo zinazobeba nyumba za watu. Haikuwa nyumba iliyokuwepo tangu zamani ikapitishiwa treni. Kwa hiyo video inathibitisha kwamba treni na makazi vinaweza kukaa pamoja mtu akipanga mapema. Haithibitishi chochote kuhusu nyumba ya mwaka 1994 pale Tabata.

Kuhusu mtaro wa fundi, tafadhali mzuieni kabla hajaanza. Nia yake ni njema, na wazo la kukata njia ya mtetemo kwa mtaro lipo kweli katika uhandisi. Tatizo ni kina. Mtetemo wa treni husafiri kwenye udongo laini kwa mawimbi yenye urefu wa mita 8 hadi 10, na mtaro unaotaka kuyazuia unapaswa kwenda chini zaidi ya nusu ya urefu huo, yaani mita 5 au zaidi, na ubaki wazi au ujazwe kitu laini sana. Mtaro wa mita moja na nusu mawimbi yanaupita kwa chini. Ukiujaza mchanga umerudisha ardhi ileile uliyoitoa. Kibaya zaidi, mmechimba kando ya msingi wa nyumba ya ghorofa na kuufungulia mvua ya masika, na hapo mnaweza kujipatia nyufa ambazo treni isingewapa.

Nirudi kwenye ujenzi, maana ndiyo sehemu ngumu. Mamlaka ya usafiri wa umma ya Marekani ina vipimo vya rejea vya mashine za ujenzi, na ni vizuri uvijue. Rola la kushindilia linalotetemesha, likiwa mita 7.6 kutoka kwenye nyumba, hutoa kama milimita 5 kwa sekunde. Mashine ya kupigilia nguzo kwa nyundo, kwa umbali uleule, hutoa kama milimita 16, na ikigonga udongo mgumu huweza kuzidi mara mbili ya hapo. Mtetemo hupungua haraka umbali ukiongezeka. Kwa mita 15 unabaki kama theluthi. Sasa linganisha na ile milimita 5 ya Wajerumani. Utaona kwamba wiki chache za rola na nguzo zina nguvu kuliko miaka mingi ya treni. Na mashine hazitakaa mita 14. Zitakuja hadi kwenye fensi, kwa sababu kuna mitaro ya maji, ukuta wa mpaka na barabara ya kazi.

Mkandarasi mwenye nia njema ana njia. Karibu na nyumba anaweza kuzima mtetemo wa rola na kushindilia kwa uzito wake tu, kwa tabaka nyembamba. Nguzo anaweza kuzichimba na kumwaga zege badala ya kuzipigilia. Anaweza kuweka kipima mtetemo kwenye ukuta wenu na kusimamisha kazi kikivuka kiwango kilichokubaliwa. Yote haya yanaongeza gharama na muda, kwa hiyo hayafanyiki kwa kuombwa uso kwa uso siku rola likiwa limeshafika. Yanafanyika yakiwa yameandikwa kwenye mkataba wake, na njia ya kuyaingiza huko ni tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo mradi kama huu unalazimika kuifanya chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kuiwasilisha kwa chombo cha taifa kinachosimamia mazingira. Tathmini hiyo ina mikutano na wananchi. Nendeni. Andikeni majina kwenye karatasi ya mahudhurio. Msiseme "hatutaki kelele", semeni "tunaomba kipima mtetemo kwenye nyumba zote zilizo ndani ya mita 30, na rola lisitetemeshe karibu na kuta zetu". Kisha pelekeni barua yenye maneno hayohayo, ipigwe muhuri wa kupokelewa, nakala mbaki nayo.

Na sasa ule ufa wa juu. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kwenda mshazari ni wa kawaida sana kwenye nyumba zilizojengwa kidogo kidogo. Mara nyingi lenta, yaani boriti ya juu ya dirisha, ilikatwa au haikufika mbali ya kutosha pande zote za dirisha, au sehemu ya nyumba iliongezwa baadaye juu ya msingi mwingine na ikashuka kidogo peke yake. Huenda ufa huo una miaka kumi. Lakini mkandarasi akija, na ufa ukaongezeka, atasema ulikuwepo, na atakuwa na haki ya kusema hivyo kwa sababu hakuna anayeweza kuonyesha ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Fanyeni hivi kabla mashine haijaingia mtaani. Chukua penseli, weka alama ndogo pale ufa unapoishia, andika tarehe pembeni yake ukutani. Weka rula juu ya ufa pale ulipo mpana zaidi, piga picha rula ikionekana vizuri, kisha rudi nyuma upige picha ya ukuta mzima ili ijulikane ni chumba gani. Paka plasta nyembamba ya jasi yenye upana wa kiganja ikivuka ufa, na uandike tarehe juu yake: jasi ni kavu na dhaifu, ufa ukisogea hata kidogo nayo itakatika, na hakuna mtu atakayebisha. Rudia kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu kuta hufunguka wakati wa kiangazi na kufunga wakati wa masika, na ni vizuri ijulikane zinapumua kiasi gani zenyewe. Pitia nyumba yote: pembe za milango, sehemu ngazi inapoungana na slabu, chini ya tangi la maji, sakafu ya jikoni, ukuta wa fensi. Fungua na funga kila mlango na uandike unaokwaruza.

Hiyo ni kazi yenu wenyewe na inagharimu siku moja. Juu yake, kwa nyumba ya ghorofa yenye mama na wapangaji, ningelipia mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje kuandika ripoti ya hali ya jengo, yenye sahihi na muhuri wake. Miradi mikubwa inapaswa kufanya ukaguzi huo kwa gharama zake kwa nyumba zote zilizo karibu, na mnapaswa kuudai. Wakija, mwenye nyumba awepo, asiweke sahihi kabla ya kusoma, na apewe nakala palepale. Ripoti inayobaki kwa mkandarasi peke yake haiwasaidii.

Kuhusu maji nitasema kwa msisitizo kwa sababu Dar es Salaam tunaijua mvua yake, na hakuna aliyeishi hapa wakati wa mafuriko ya Desemba 2011 atakayehitaji kukumbushwa. Reli ikipita juu ya tuta, tuta hilo ni ukuta mrefu unaokatiza mteremko. Maji yaliyokuwa yanapita uwanjani kwenu kuelekea bondeni yatasimama nyuma ya tuta, isipokuwa makalavati yametosha kwa idadi na kwa ukubwa, na yamewekwa pale maji yanapopita kweli. Anayechora ofisini hajui kijito kinachotokea mtaani kwenu kila Aprili, ninyi mnakijua. Pigeni picha na video za mvua zijazo, onyesheni maji yanatoka wapi na yanafika wapi ukutani, mpelekee mhandisi mshauri wa mradi. Msingi uliolowa muda mrefu hushuka, na udongo wa mfinyanzi huvimba na kusinyaa. Nyufa nyingi ambazo mtaa mzima huja kuzihesabia treni huwa na asili hiyo. Shimo la choo nalo ni hilohilo: kama liko uwanja wa nyuma na mtaro wa mradi ukachimbwa karibu yake, linaweza kubomoka au kuvujia kwenye uchimbaji. Litajwe kwenye ripoti, lipimwe, na lihamishwe kwa gharama ya mradi kabla ya kuchimba.

Mtalala? Hapa siwezi kuwapa jibu jepesi kama la nyufa, kwa sababu kelele inawezekana kabisa ikawa tatizo la kweli. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, linashauri kelele za reli usiku zisizidi wastani wa desibeli 44 nje ya nyumba, kwa sababu juu ya hapo usingizi huanza kuharibika. Treni za umeme hazina ngurumo ya dizeli, na waliopanda SGR tangu ianze kubeba abiria Juni 2024 wameona hilo. Ila sauti ya magurudumu ipo palepale, na mwendo ukiongezeka maradufu hupanda kwa desibeli 9 hivi. Honi ndiyo mbaya kuliko yote. Kama kutakuwa na kivuko cha watu na magari karibu nanyi, kila treni italazimika kupiga honi, saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku. Ulizeni kuhusu kivuko kabla ya kuuliza kuhusu reli, na ombeni daraja la waenda kwa miguu.

Miashoki ipandwe kwa ajili ya kivuli na macho. Mstari mmoja wa miti hauzuii sauti. Unahitaji msitu mnene wa makumi ya mita ndipo usikie tofauti. Fensi inasaidia, kwa sharti moja: ikate kabisa mstari kati ya sikio lako na magurudumu. Ukuta wa mita mbili na nusu usio na mwanya utampunguzia mama aliye chini. Wapangaji wa juu wanaoitazama reli kwa dirishani hawatapata chochote. Na kama reli itapita juu ya nguzo, kama SGR inavyofanya kutoka stesheni ya katikati ya jiji kuelekea Ilala, fensi yenu haina kazi kabisa. Huko ukuta wa kuzuia sauti unapaswa kusimama ukingoni mwa daraja lenyewe, karibu na magurudumu, na hapo hata ukuta wa mita moja na kidogo unafanya kazi kubwa. Hilo nalo ni la kudai sasa.

Ndani ya nyumba, dirisha lililofungwa vizuri, lenye kioo kinene na mpira pembeni, hupunguza desibeli 25 au zaidi. Dirisha lililo wazi, 10 hadi 15 tu. Lakini Dar es Salaam dirisha la kufunga lina maana ya feni usiku kucha au kiyoyozi, na bili ya umeme, na madirisha ya luva hayafungi sawasawa hata ukiyasukuma. Kwa hiyo kabla ya kununua madirisha ningemhamisha mama chumba. Chumba cha upande wa barabara ya mtaa, nyumba yenyewe ikiwa katikati yake na reli, kinaweza kuwa kimya zaidi kwa desibeli 10, na sikio husikia upungufu huo kama nusu ya kelele. Jiko, bafu na stoo viwe upande wa reli. Haigharimu kitu, na mnaweza kufanya hata wiki hii ili azoee.

Dawa kubwa zaidi ya mtetemo na mngurumo wake iko chini ya reli yenyewe. Kuna mpira wa kuweka kati ya reli na taruma, mpira wa kuweka chini ya taruma, zulia la mpira chini ya kokoto, na mwishoni kabisa reli inayokaa juu ya bamba la zege linaloelea juu ya springi au mpira, kama mashine ya kusaga iliyowekwa juu ya vitako vya mpira ili sakafu isinguruke. London wamefanya hivyo chini ya makazi ya Barbican tangu miaka ya 1960, na njia ya treni ya jiji hilo iitwayo Elizabeth line, iliyofunguliwa Mei 2022, ina vipande vya namna hiyo inapopita chini ya maeneo nyeti. Bamba linaloelea ni ghali na sidhani kwa mita 14 juu ya ardhi ni la lazima. Mpira chini ya mataruma ni ombi la busara, halina gharama ya kutisha likiingizwa kwenye usanifu, na ningelipigania. Treni zikishaanza kupita, kuliongeza ni kufumua reli.

Umeme nao mwambie kila mwenye mtoto: nyaya za SGR zina volti 25,000, na za reli hii zitakuwa na nguvu ya kuua vilevile. Tiara, fito za kuangulia maembe, na mabati yanayobebwa juu ya paa visikaribie. Fensi za chuma na nyaya za kuanikia nguo zilizo sambamba na reli zitahitaji kuungwa na ardhi na fundi wa mradi.

Kuuza sasa? Kwa maoni yangu, hapana. Mtauza wakati wa uvumi, kwa mtu anayejua zaidi yenu. Ni kweli nyumba iliyo kando ya reli na mbali na stesheni inaweza kushuka thamani, na iliyo hatua chache kutoka stesheni mara nyingi hupanda; kwa hiyo jueni kwanza stesheni itakaa wapi. Sehemu ya uwanja ikichukuliwa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, ikiwa pamoja na posho za usumbufu na usafiri, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita kuna riba. Jazeni fomu ya mthamini pamoja naye, mhakikishe shimo, fensi, miti na tangi vimeandikwa, mbaki na nakala. Kusanyeni hati au leseni ya makazi, na karatasi za mirathi kama jina bado ni la baba. Familia nyingi hukwama hapo. Kwa uharibifu wa nyumba iliyobaki nje ya mpaka njia ni ngumu zaidi: ni madai dhidi ya mkandarasi na bima yake, na yanasimama au kuanguka kwa zile picha, zile tarehe na ile ripoti. Kwa kelele peke yake, mategemeo yenu makubwa ni yale yaliyoandikwa kwenye tathmini ya mazingira. Mkiona kiasi ni kikubwa au mgogoro unaiva, tafuteni wakili wa ardhi kabla ya kusaini, si baada.

Kuna dalili ambazo haziamuliwi kwa maandishi. Nyufa za unene wa unywele, hata za milimita moja, ni za kupima na kuandika. Zikifika milimita 5, au zikikua wiki hadi wiki, au milango iliyokuwa mizuri ikaanza kukwama yote upande mmoja, aje mhandisi ndani ya siku chache. Na kama ufa utatokea kwenye nguzo au boriti, zege likimeguka na nondo kuonekana, slabu ikianza kulegea katikati, au ardhi ikizama kando ya ukuta baada ya uchimbaji, msisubiri majibu ya barua wala kibali cha mtu. Mtoeni mama na wapangaji kwanza, mjulisheni mwenyekiti wa mtaa na msimamizi wa mradi kazi isimame, ndipo mhandisi aingie.